Meno, Macho na Maneno: Maisha ya Malangatana, Mchoraji Aliyekuwa Mshairi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa sanaa na wa fasihi, wanafunzi wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu alasiri hii ili mje kutusikiliza, mabibi na mabwana.

Nilipoombwa nizungumze juu ya maisha ya msanii mmoja ambaye pia alikuwa mwandishi, jina lilinijia pale pale, na tangu siku hiyo sijataka kulibadilisha. Ni jina la jirani yetu, Malangatana Valente Ngwenya wa Msumbiji. Hakuwa mtu wa upande ule wa Ruvuma tuliouzoea, ambako Wamakonde wametufundisha kuutazama mpingo kwa macho mengine. Alikuwa mtu wa kusini kabisa, mzaliwa wa kijiji cha Matalana katika wilaya ya Marracuene, si mbali na mji ambao leo unaitwa Maputo na ambao wakati huo Wareno waliuita Lourenço Marques. Alizaliwa tarehe 6 Juni 1936 na akafariki tarehe 5 Januari 2011. Ngwenya, kwa lugha ya kwao ya Kironga, ni mamba, na wale wanaopenda kupekua kamusi za zamani za Kiswahili watakumbuka kwamba sisi pia tunalo neno ngwena kwa maana hiyo hiyo. Naomba mlikumbuke jina hilo, kwa sababu leo nitazungumza sana juu ya meno.

Kuna jambo ambalo limekuwa likinikera kwa miaka mingi. Wanaoandika juu ya Malangatana humweka kwanza katika fungu la wachoraji, wakaeleza rangi zake na maonyesho yake, kisha wakifika mwishoni huongeza kwa mstari mmoja kwamba aliandika pia mashairi, kama vile mtu anavyosema kwamba fulani alipenda pia kucheza bao. Mimi nasadiki kwamba mstari huo mmoja unamwondolea nusu ya maisha yake. Picha zake zilichorwa na mtu aliyefikiri kwa hadithi, na mashairi yake yaliandikwa na mtu aliyekuwa akiona kabla hajasema, na asiyeijua nusu moja ataipata nusu ya pili kwa shida.

Tuanze nyumbani, kwa mama yake, kwa kuwa huko ndiko mambo yote yalikoanzia. Baba alikuwa mmoja wa maelfu ya wanaume wa kusini mwa Msumbiji waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya utoto wake Malangatana alilelewa mikononi mwa mama. Na mikono ile haikukaa bure. Mama yake alipamba vibuyu kwa shanga, aliwachanja wasichana chale za urembo, na alikuwa fundi wa kuchongoa meno kwa watu waliotaka tabasamu lao liwe na ncha kama ilivyokuwa desturi ya mahali pale. Hebu mfikirieni mtoto mdogo aliyekaa karibu na mkeka, akitazama mama yake akiinamia kinywa cha mtu mzima kilichofumbuliwa, akiona meno kwa karibu sana, ufizi, mate, macho ya yule mtu yaliyotoka pima kwa maumivu anayojikaza asiyaonyeshe, na pembeni watu wengine wamekaa kimya wakiangalia. Mtu akiziona picha za Malangatana kwa mara ya kwanza huuliza mara moja kwa nini zimejaa meno na macho. Mimi humjibu kwamba aende kwanza akakae karibu na ule mkeka.

Katika familia yake walikuwamo pia waganga wa jadi, na akiwa bado mtoto alishuhudia mama yake huyo huyo mwenye mikono ya ufundi akipatwa na ugonjwa wa akili. Sitaki kulikalia jambo hili kuliko inavyostahili, maana si haki kumgeuza mama wa mtu kuwa ufunguo wa kila kitu. Lakini nitalirudia kidogo tutakapofika kwenye mashairi.

Masomo yake yalikuwa ya vipande vipande. Alianza katika shule ya misheni ya Waprotestanti wa Uswisi, ambako alijifunza kusoma na kuandika kwa Kironga, akaendelea kwa Wakatoliki kwa Kireno, na katikati ya hayo alichunga mifugo kama watoto wengine. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliondoka Matalana akaenda mjini kutafuta kazi. Alikuwa yaya wa watoto wa watu, akawa boi wa nyumbani, na kufikia mwaka 1953 alikuwa akiokota mipira katika klabu ya tenisi ya wakoloni. Usiku alikwenda shule ya jioni. Ninawaomba wanafunzi mliopo hapa mlitazame jambo hili kwa utulivu: kijana wa miaka 17, siku nzima anakimbilia mipira ya watu wengine juani, halafu jioni anakwenda kukaa kwenye dawati kujifunza lugha ya hao hao waliokuwa wakiipiga ile mipira.

Hapo klabuni alikutana na Mreno mmoja kijana, Augusto Cabral. Siku moja Malangatana alimwomba kama angekuwa na jozi ya ndala kuukuu asizozihitaji tena. Cabral akamwambia apite nyumbani kwake kuzichukua, naye alipofika akamkuta mwenyeji wake anapaka rangi picha. Akazisahau ndala, akaomba afundishwe kuchora. Cabral hakumwekea masomo yoyote. Alimpa rangi, brashi na vipande vya mbao nyembamba, akamwambia achore yaliyomo kichwani mwake. Sisi walimu tungeweza kuliona jibu hilo kama uvivu wa kufundisha, na kwa mwanafunzi mwingine labda lingekuwa hivyo. Kwa huyu lilikuwa ruhusa. Kichwani mwake tayari mlikuwa na vinywa, shanga, mazimwi ya ngano za usiku, mahubiri ya jehanamu aliyoyasikia misheni na dawa za waganga, vyote vimesongamana vikisubiri mlango.

Kuanzia mwaka 1958 alihudhuria Núcleo de Arte, jumuiya ya wasanii ya pale mjini, na muda mfupi baadaye msanifu majengo Pancho Guedes akamwona, akampa gereji ya nyumba yake iwe karakana na akawa akinunua picha zake kila mwezi ili apate kuishi bila kurudi kwenye uboi. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 25, alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake.

Sasa tuzitazame picha za miaka hiyo, na tuanze na majina yake. Moja inaitwa Hadithi ya Barua Iliyo Kofiani. Nyingine ya mwaka 1961 inaitwa Mazimwi Makubwa Yakiyala Mazimwi Madogo. Ipo pia ya miaka ya baadaye ambayo jina lake ni refu kiasi kwamba mtu hawezi kulitamka kwa pumzi moja: linasema kwamba kinywa cha jamii kina meno makali, na kwamba njia pekee ya kuliangamiza zimwi ni kuling'oa meno. Nawauliza ninyi walimu wa fasihi: hilo ni jina la picha, au ni ubeti? Mchoraji asiye mwandishi angeandika Kinywa, akatia tarehe na sahihi. Malangatana alihitaji sentensi nzima, tena sentensi yenye hoja, yenye chanzo na tiba yake. Na ninyi mliosikia habari za mama yake hamtashindwa kuona jinsi meno yaliyochongolewa kwa urembo pale mkekani yalivyohama, yakaingia katika kinywa cha utawala unaokula watu, bila kuacha kuwa meno yale yale.

Kwa Waronga msimulizi wa ngano huanza kwa kuita "Karingana wa karingana!" na hadhira humjibu "Karingana!", kama sisi tunavyoanza kwa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!". Huwezi kusimulia kwa namna hiyo ukiwa peke yako. Lazima wawepo wa kujibu. Nimezitazama picha za Malangatana mara nyingi, na kila mara nimeona kwamba hadhira hiyo ameichora ndani ya picha yenyewe. Turubai limejaa watu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hakuna mbingu, hakuna uwanja, hakuna nafasi ya kupumulia, na karibu kila uso una macho makubwa meupe yanayotazama. Wengine wanatazama jambo linalotendeka katikati, wengine wanamtazama jirani, na daima wapo wachache wanaokutazama wewe uliyesimama mbele yao, kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa kuitikia.

Mashairi yake yalichapwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, na mwaka huo huo yakaingia katika mkusanyo wa ushairi mpya wa Afrika uliosomwa sana nchi za nje. Hayakuwa mengi, naye hakuwa mtu aliyesoma fasihi chuoni. Aliandika kwa Kireno alichojifunza usiku. Shairi moja amelielekeza kwa mama aliyejaa wasiwasi wakati wa kumzaa yeye mwenyewe. Katika shairi hilo mnaingia chumbani: watu wote wanatazama kimya kuona kama uzazi unakwenda salama, na wote wananawa mikono ili wawe tayari kumpokea anayekuja. Mimi husimama hapo kwenye kunawa mikono. Mshairi mwingine angetuambia juu ya maumivu ya mama, juu ya furaha, juu ya Mungu. Malangatana naye anamtaja Mungu, lakini anayaona pia yale maji na ile mikono mingi, na lile kundi la watu wanaotazama kwa hofu bila kusema neno. Ni kundi lile lile la kwenye turubai, nyuso zile zile zimebanana kuzunguka mwili mmoja. Na tukikumbuka kwamba mama huyo baadaye aliugua akili mbele ya macho ya mwanawe, wasiwasi ule wa shairi unapata kina ambacho mwandishi wake hakuhitaji kukieleza.

Shairi lingine linamhusu mwanamke, na humo anataja mto wenye maji baridi, na samaki wakubwa mno ambao huenda wakawa ishara ya mwisho wa dunia. Anasema kwamba siku Msanii mwingine atakapomwita mbinguni ili amchore yeye, nywele za mwanamke ndizo zitakazokuwa blanketi juu ya jeneza lake. Mchoraji anakiona kifo kama siku ya yeye kukaa kimya na kuchorwa.

Naomba ruhusa yenu niseme jambo moja langu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tano tuliambiwa tuandike insha juu ya safari, nami nikaandika juu ya safari ya mtumbwi, na pembeni nikauchora mtumbwi wenyewe na tanga lake, kwa sababu nilishindwa kueleza kwa maneno jinsi tanga linavyovimba pepo zikibadilika. Mwalimu akaichana karatasi mbele ya darasa akisema kwamba somo la kuchora lina siku yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo niliamini kwamba kuna mkono wa kuandika na mkono wa kuchora, na kwamba mwenye adabu huutumia mmoja tu. Simlaumu mwalimu yule, maana ratiba ndivyo ilivyomwelekeza. Lakini ninapowaona Waronga wa Matalana, ambako aliyepamba kibuyu, aliyechanja chale na aliyesimulia ngano usiku angeweza kuwa mama mmoja, naelewa kwa nini mtoto wao hakuwahi kuuona mpaka huo.

Ndugu zangu, hapa historia yake inakutana na yetu. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na wazee mliomo humu mnazikumbuka kambi zake za mazoezi, mnaikumbuka Kongwa na mnaikumbuka Nachingwea. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964 kaskazini mwa Msumbiji, polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kwa jina la PIDE, waliwasaka wote waliodhaniwa kuwa na uhusiano na chama hicho kule kusini. Malangatana alikamatwa, akakaa gerezani kwa muda wa takriban miezi 18. Humo gerezani walikuwamo pia mshairi José Craveirinha, ambaye mwaka 1991 alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Camões, tuzo kubwa ya fasihi ya Kireno, na mwandishi wa hadithi Luís Bernardo Honwana. Wakoloni walitaka kuwanyamazisha watu wa kalamu, na wakamhesabu mchoraji miongoni mwao. Walielewa jambo ambalo baadhi ya wahakiki wamechelewa kulielewa.

Gerezani alichora kwa wino kwenye karatasi. Rangi zimetoweka, nyekundu ile aliyoipenda haipo tena. Kilichobaki ni mstari, na mstari wa wino kwenye karatasi ni ndugu wa mwandiko. Miili imepangwa sakafuni, bega juu ya bega, magoti ya mmoja mgongoni mwa mwingine, na macho bado yamefunguliwa ingawa ni wazi kwamba ni usiku. Mimi huichukua michoro hiyo kuwa maandishi yake ya gerezani, sawa na barua ambazo wafungwa wengine huziandika. Alipotoka hakukaa kimya. Mwaka 1968, huku PIDE wakiendelea kutawala mitaa ya mji wake, alichora picha akaipa jina la tarehe moja tu: 25 Septemba. Aliyeijua tarehe hakuhitaji maelezo, na asiyeijua angeona kundi la watu kama kawaida ya Malangatana. Hiyo nayo ni kazi ya mwandishi, kujua neno moja linaloweza kubeba mzigo wote na kupita nao mbele ya mlinzi.

Mwaka 1971 alikwenda Lisbon kwa ufadhili wa Taasisi ya Gulbenkian akajifunza ufinyanzi na uchapaji wa picha kutoka kwenye mabamba yaliyochongwa. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru alichora picha kubwa ya ukutani katika bustani ya Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe mjini Maputo, jumba ambalo mkurugenzi wake alikuwa Augusto Cabral, yule yule wa ndala. Kila nikiwaza jambo hilo nafurahi: yule aliyetoa vipande vya mbao nyembamba sasa alitoa ukuta mzima.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1977 na kumalizika kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Yale mazimwi aliyoyachora ujanani akimaanisha ukoloni yalirudi na sura za ndugu, na picha zake za miaka ya 1980 zina damu kuliko zote. Alishiriki katika harakati za kutafuta amani, alikuwa mbunge, na mwaka 1997 UNESCO ilimteua kuwa Msanii wa Amani. Mwaka uliotangulia mashairi yake 24 yalikuwa yametolewa katika kitabu, zaidi ya miaka 30 baada ya yale ya kwanza kuchapwa. Huyo ni mtu aliyeendelea kuandika muda wote huo wakati ulimwengu ukimuuliza juu ya rangi peke yake. Hata mwaka 2020, jumba la Art Institute of Chicago lilipofanya maonyesho makubwa ya kazi zake, ni turubai na michoro ndiyo iliyovuta watu. Nami nashukuru kwamba walioneshwa, ila natamani siku moja tuyaone mashairi yametundikwa kando ya picha, kwa ukubwa unaolingana nazo.

Sisi wa Kiswahili tunalo deni la pekee katika jambo hilo. Nchi yetu iliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, ikawapa ardhi ya mazoezi na shule za watoto wao, lakini ni watu wachache kati yetu waliowahi kuyasoma maneno ya mtu huyu. Nimeanza, pamoja na rafiki anayekijua Kireno, kuyatafsiri mashairi machache. Kazi hii ni ngumu kuliko nilivyodhani, maana sentensi zake hazina alama nyingi za kituo na picha moja humwagikia nyingine, na Kiswahili chetu cha ushairi kimezoea vina na mizani. Tumekubaliana kutomvisha nguo za vina. Neno lililotushinda hadi leo ni lile la kunawa mikono. Tumejaribu kunawa, kuosha, kutawadha, na kila moja linaleta watu tofauti katika chumba kile cha uzazi. Wakunga mliopo hapa, nitawaomba msaada wenu baada ya kikao.

Malangatana alifariki katika hospitali ya mji wa Matosinhos, Ureno, akiwa na umri wa miaka 74, akarudishwa nyumbani na kuzikwa Matalana, kijiji alichokiacha akiwa mtoto anayetafuta kazi na alichokirudia katika uzee akijenga kituo cha utamaduni kwa ajili ya watoto wa hapo.

Sasa namwomba mwalimu aliye karibu na swichi azime taa. Tutatazama picha 9 ukutani, tatu za kabla ya gereza, tatu za wino na tatu za baadaye. Kabla ya kila picha mwanafunzi mmoja atasimama asome jina lake kwa sauti, polepole, hadi mwisho, ndipo picha itokee. Karibu, binti yangu, anza na lile la kinywa.